Kitenge cha Kasuku na Miwa

Nimerudi Lubumbashi kwa ajili ya kilio. Ndivyo tunavyorudi siku hizi sisi tulioondoka, rafiki yangu. Hatuji kwa harusi wala kwa ubatizo, tunakuja kuzika. Safari hii ni mama mdogo, ndugu yake mama yangu, aliyenilea pamoja na Nkambo. Nkambo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Asubuhi wanawake wa nyumbani walinituma chumbani kwake nitafute kitenge kizuri cha kumfunika kabla ya maziko. Nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, nikalifungua, na harufu ya nafutalini ikanirudisha utotoni kabla sijagusa kitu.

Kilikuwa chini kabisa, kimekunjwa vizuri kama vile mimi mwenyewe nilivyofundishwa kukunja. Rangi ya manjano iliyofifia, kasuku wa kijani, mashina ya miwa yaliyopinda, nyuki wadogo, na maua ya kila namna yakijaza nafasi zilizobaki. Na kwenye pembe moja kulikuwa na fundo, dogo na gumu, la ile namna ambayo wanawake wetu hufungia hela za soko. Sikulifungua. Najua kilichomo, na nadhani nimebaki peke yangu ninayejua. Basi keti nikusimulie, maana nisiposimulia nitaanza kulia kabla ya wakati wake.

Nkambo alikuwa anauza vitenge katika soko la Kenya. Usishangae, Kenya ni mtaa wetu hapa mjini, wala hatukuvuka mpaka wowote kwenda kuuza. Siku zisizo za shule nilikwenda naye. Tulianza kwa kununua vitumbula vya moto kwa jirani aliyekaanga kando ya njia, tukavila tukitembea, mafuta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko, na Nkambo akiniambia nisithubutu kugusa kitambaa kabla ya kunawa. Kazi yangu ilikuwa kupangusa lile vumbi jekundu ambalo halikosi mahali pa kuingia, kukunja vilivyokunjuliwa na wateja wasiotaka kununua, na kutaja majina.

Hapo kwenye majina ndipo penyewe. Kwetu wakati ule kitenge kilikuwa na jina. Mwanamke hakuja kuomba kile cha bluu chenye mayai ya rangi ya chungwa. Alikuja kuomba Usichungulie Sufuria Yangu, akakivaa, akapita mbele ya nyumba ya jirani aliyekuwa na mazoea ya kuchungulia, na ujumbe ukafika bila mtu kufungua mdomo. Kulikuwa na Mshahara Umeingia, kulikuwa na Mama Mkwe Karibu Ukae Kidogo. Nani aliyatoa majina hayo? Wauzaji wenyewe, wanawake wa soko, na katika soko letu aliyesikilizwa kuliko wote alikuwa Nkambo. Kitambaa kilichokosa jina kililala mezani hadi kikapauka. Nkambo alikitazama, akakipapasa, akacheka au akakunja uso, akasema neno, na kufikia jioni lile neno lilikuwa limezunguka soko zima.

Wahindi waliomuuzia kwa jumla waliijua siri hiyo. Duka lao lilikuwa katikati ya mji, upande wa barabara yenye mijakaranda, na mkuu wa duka kwa kweli alikuwa mama mmoja wa Kihindi, tuliyemwita mama wa duka, ingawa mumewe ndiye aliyekaa kwenye kiti kirefu. Kila mzigo mpya ulipofika, kabla ya kuutoa nje, alimwita Nkambo nyuma ya duka. Nami nilifuata. Tulikaa juu ya marobota, tukanywa chai ya maziwa yenye tangawizi, tamu kiasi cha kukwaruza koo, na nilipewa bajia za pilipili ambazo zilinitoa machozi na ambazo hata hivyo niliendelea kuzila. Yeye na Nkambo walikuwa na umri mmoja, unene mmoja, na malalamiko yaleyale ya magoti. Kiswahili alikuwa amekifunza dukani na alikisema kama sisi.

Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na rafu yenye ubani, maua ya manjano, na picha za miungu yao. Wengi walikuwa wanawake, wamevaa dhahabu na vitambaa ambavyo Nkambo alivitazama kwa jicho la kazi. Mama wa duka alitujulisha nao mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha picha za ukoo. Huyu juu ya ua ni Lakshmi, mwenye kuleta baraka nyumbani. Huyu ni Radha, aliyempenda mpiga filimbi, mapenzi yasiyokuwa na ndoa wala mwisho. Huyu ni Parvati, aliyemtamani mungu aliyekaa mlimani na kufumba macho, asiyetaka kusikia habari za mke, akavumilia baridi na njaa mpaka akampata. Nkambo, mkatoliki wa kaskazini ya Katanga ambaye babake alijenga reli akiwa na rozari mfukoni, alisikiliza yote hayo kwa furaha kubwa. Nilipomwuliza kama si dhambi, alinijibu kwamba kusikiliza habari za nyumba ya jirani hakujawahi kumhamisha mtu kwake.

Ndipo siku moja ya baridi, likafunguliwa robota la kasuku na miwa. Mama wa duka alifurahi sana kuliona. Alisema kitambaa hiki ni cha Rati, mungu wa kike wa mahaba, wa ile hamu inayomfanya mtu ashindwe kula. Mumewe ndiye mungu wa mapenzi mwenyewe. Upinde wake ni muwa, uzi wa upinde ni nyuki walioshikana, mishale yake ni maua, na kasuku ndiye anayembeba. Yule mungu wa mlimani alipokataa kufumbua macho, wenzake walimtuma mume wa Rati akamwamshe. Akamtupia ua. Mkubwa yule akafungua jicho lililo katikati ya paji la uso, moto ukatoka, na mume wa Rati akaungua palepale mbele ya mkewe.

Nkambo alisahau chai yake. Aliuliza kama aliungua mwili wote. Wote, akajibiwa, yalibaki majivu tu, na Rati akajitupa chini akalia. Kufikia hapo waliingia wateja kutoka Kasenga waliotaka vyandarua kwa wingi, na mama wa duka akainuka kwenda kuwahudumia. Alikawia. Nkambo hakuwa mtu wa kungojea mwisho wa jambo. Hata misa aliitoka wakati wa matangazo. Alimaliza chai, akakipapasa kitambaa, akafuta jicho kwa upindo wake, akasema, "Hii njo Machozi ya Mujane." Tukaondoka na mzigo wetu.

Unaona kosa lenyewe. Kitambaa cha mungu wa hamu, chenye nyuki na maua na kila kitu cha kumtia bibi harusi wazimu, kiliingia sokoni na jina la msiba. Kikauzwa sana. Msimu ule wa baridi kila nyumba yenye kilio ilitaka Machozi ya Mjane kama sare ya ukoo. Nilipita mbele ya misiba nikiwaona wanawake wamekaa kwenye mikeka, kasuku wa kijani magotini, wakilia. Mama wa duka aliagiza marobota mengine na kumwambia Nkambo kwamba mwaka huu watu wa Lubumbashi wanaoana kweli kweli. Nkambo alidhani anatania.

Mama mdogo wakati huo alikuwa ameolewa na mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa mume wa kucheka kwa sauti, aliyenibeba mabegani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa, na nguo zake zilinuka samaki wa chumvi hata siku ya Pasaka. Alikuwa akienda Kilwa, kwenye ziwa Mweru, akirudi juu ya lori la samaki wakavu baada ya siku ambazo hakuna aliyeweza kuzikadiria, kwa jinsi ile barabara ilivyo. Mke wake alikuwa amezoea kungoja. Alipika bukari, ndio ugali wetu, ya watu wawili kila jioni, na kama hakuja alinipa mimi sehemu yake.

Halafu walikuja watu kutoka Kilwa kusema kwamba mtumbwi alioupanda kufuata samaki ulipinduliwa na mawimbi. Wenzake walipatikana, wazima na wafu. Yeye hakupatikana.

Ndugu za mume walijaa uani siku hiyohiyo. Wanaume walipanga viti, wakawasha moto wa magogo katikati, wakafunga turubai. Wanawake walitoa magodoro nje na kutandika mikeka sebuleni. Kisha wakaenda sokoni kununua sare, na kwa kuwa jina lilijulikana na kila mtu, walikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Nkambo. Nilikuwepo. Yeye mwenyewe alikipima na kukikata kwa mkasi wake, Machozi ya Mjane, kwa ajili ya binti yake mwenyewe.

Mama mdogo akakataa. Alikataa kukivaa na alikataa kuketi chini. Alizunguka nyumbani amevaa nguo za kila siku, akifagia pasipo na uchafu, akipika bukari ya watu wawili mbele ya umati wa waombolezaji. Alipobanwa alisema maneno yaleyale, kwa upole, kana kwamba wote walikuwa watoto.

"Munioneshe mwili yake, njo nitaikala chini. Bila mwili, bwana yangu iko mu njia."

Kwetu, mwanamke asiyemlilia mumewe anatafutiwa sababu. Dada ya mume ndiye aliyeitamka. "Kama halie," akasema mbele ya wote, "ni kusema anajua fasi, ile pahali bwana yake iko." Usemi ulibadilika hapo. Kaka mkubwa wa marehemu, mtu mtulivu, na utulivu wake ulinitisha kuliko makelele, alimweleza Nkambo kwamba wangengoja hadi Jumapili baada ya misa. Ikifika hapo hajaketi chini, ukoo utafunga nyumba, utachukua vitu vya ndugu yao, na binti atarudi kwa mamake na sifa ya mtu aliyemla mumewe kwa uchawi. Na sifa hiyo, unajua mwenyewe, mwanamke haendi nayo sokoni wala kanisani. Nkambo alimwomba binti yake usiku na mchana. Alimwambia alie hata kwa uongo. Mama mdogo alijibu kwamba akilia tu, atakuwa amemzamisha mumewe yeye mwenyewe.

Mimi nilikuwa mtoto na niliogopa sana. Nilikuwa nampenda, na nilimwona anakonda kila siku, na nilikula sahani ya yule mume kwa sababu alinipa.

Jumamosi mama wa duka alikuja. Hakuwahi kufika mtaa wetu. Alishuka kwenye gari la duka na mfuko wa sukari na majani ya chai, kama wafanyavyo watu wenye adabu kwa mteja wao wa zamani, naye alikuwa amevaa nyeupe tupu kutoka kichwani hadi miguuni. Wanawake wakanong'onezana, huyu naye amekuja kilioni au anapokea komunyo ya kwanza? Hatukujua kwamba kwao nyeupe ndiyo nguo ya msiba. Yeye kwa upande wake alisimama langoni akatazama ua mzima uliojaa kasuku, akaziba mdomo kwa mkono. Tulidhani analia. Alikuwa anajizuia asicheke, maskini, halafu akamwona Nkambo na kicheko kikamkauka usoni.

Aliingia sebuleni, akakaa mkekani kwa shida ya magoti, akauliza polepole nani aliyekipa kitambaa hiki jina la kilio. Nkambo akajibu ni yeye, kutokana na habari za yule mke wa majivu. Mama wa duka alimshika mkono.

"Mama, sikumalizaka," akasema. "Bateja baliingia, sikumalizaka."

Basi akamalizia. Rati hakukaa chini mambo yakaishia hapo. Aliyakusanya majivu ya mumewe akayafunga fundo kwenye pembe ya nguo yake. Akatembea nayo. Siku yule mungu wa mlimani alipokubali hatimaye kumwoa Parvati, katikati ya shangwe za harusi, Rati aliingia na nguo zake zilizochakaa, akafungua fundo mbele ya bwana harusi, akalia. Akamwambia, wewe leo unafurahi na mke wako, nirudishie wangu. Na mungu akaona haya, akamrudishia. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kuungua na hakukuwa na la kufanya. Mumewe alirudi bila mwili.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Tangu watu wa Kilwa waje hakuwa ameuliza mtu swali lolote. "Batu bengine balikuwa banamuona?" akauliza.

"Hapana. Bibi yake tu njo alikuwa anamuona."

"Na mbele ya kumurudishia bwana, alimuliliaka?"

"Alimuliliaka sana," akasema mama wa duka. "Kama hakumulilia, bwana yake hangerudia."

Mama mdogo aliegemeza ufagio ukutani, kwa uangalifu, usianguke. Akaja alipokuwa Nkambo, akanyoosha mkono, na Nkambo akampa kipande chake ambacho tangu siku ya kwanza kilikuwa kimekunjwa kando. Akajifunga juu ya nguo yake ya kila siku. Akaketi chini, katikati ya mkeka, pale mahali pa mjane palipokuwa wazi muda wote huo. Kisha akaanza kulia. Sijui nikuambieje kilio kile. Dada ya mume, yule wa maneno makali, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia, na Nkambo na mama wa duka walishikana wakalia pamoja na magoti yao mabovu.

Kilio kilipoisha na wanaume wakauzima moto uani, watoto tulipewa kazi ya kuzoa majivu. Mama mdogo alinifuata nje. Alichota kidogo kwa ncha za vidole, akayaweka kwenye pembe ya kitenge, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Aliniona ninamtazama, akanipa jicho la kuninyamazisha, nami nimenyamaza hadi leo ninapokuambia wewe.

Jina la kitenge lilibadilika wiki hiyohiyo. Nkambo hakulitoa yeye. Alisema safari hii amestaafu kidogo, mwenye kitambaa akitaje mwenyewe. Mama mdogo akasema kiitwe Namuona Miye Tu. Sokoni jina lile la kwanza lilikufa kwa siku moja, na wanawake wakakinunua upya, wajane kwa sababu zao na mabibi harusi kwa sababu zao, na wengine, niliowasikia wakicheka nyuma ya meza, kwa sababu za wanaume ambao hawakutaka kuwataja. Mama wa duka aliridhika. Alisema sasa Rati amefika nyumbani.

Nyumba ilibaki ya mama mdogo. Alikaa humu miaka yote iliyofuata. Wanaume walikuja kumposa, na aliwapa kiti, akawapa soda, akawaambia bwana yupo. Kila jioni alisonga bukari ya watu wawili na kumwita mtoto yeyote wa jirani aje kula ya pili. Ukipita dirishani ungemsikia akizungumza taratibu, akinyamaza kama anayesikiliza, kisha akicheka peke yake. Wengine walisema akili imemruka kidogo. Mimi niliyeshika sahani ile utotoni sikuwahi kuona mwanamke asiyekuwa mpweke kama yeye.

Sasa nimekaa kitandani kwake na kitenge hiki magotini. Duka la Wahindi ni mahali pa kuuzia simu, rafu ya ubani imekuwa rafu ya chaja. Mama wa duka alihama na wanawe, sijui aliko wala kama yu hai. Nkambo tulimzika zamani. Hata meza yake sokoni imechukuliwa na muuza viatu vya plastiki. Mpwa wangu, msichana mwenye akili na simu isiyomtoka mkononi, aliingia sasa hivi kunionyesha sare walizochagua kwa kilio hiki. Vitambaa vizuri, sikatai. Nikamwuliza jina. Akanitajia namba. Anayeuza hutuma picha na namba, nawe unajibu kwa namba, na gari linaleta.

Aliona kasuku, akasogea. Alisema kitenge hiki kina furaha mno kwa maziko, nyanya zake watasema nini. Kisha akaona fundo, akalishika alifungue apate kupiga pasi. Nikamshika mkono.

"Tantine," akaniita, ndivyo wanavyomwita shangazi huku kwetu, "hii kitenge jina yake njo nani?"

Nikamwambia. Alirudia mara moja kwa sauti ndogo, akatafuta ukingoni kama kuna namba ya kuagizia, hakuiona, akatoka.

Kesho tutamfunika nacho, na fundo nitaliweka upande wa mkono wake wa kuume. Leo bado kiko kwangu. Nimekipapasa kwa dole gumba, vile Nkambo alivyofanya, na mara nikawa nimekaa juu ya robota. Nkambo anapuliza chai yake. Mama wa duka anasugua goti, anasema mara hii atamaliza, wateja na wangoje. Nikawa nacheka. Nje ya mlango nimesikia watoto wakiulizana tantine anaongea na nani humo ndani, na mpwa wangu akiwajibu kwamba hakuna mtu.

Wapo. Nawaona miye tu.